Vita vya Zamu: Mwongozo Kamili wa Kupigana Vizuri Zaidi katika Baldur's Gate 3

Nilipoingia kwa mara ya kwanza katika Blighted Village, kile kijiji cha magofu ambacho mchezaji hukutana nacho mapema katika sura ya kwanza ya mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3, goblini waliojipanga juu ya mapaa waliliangamiza kundi langu mara nne mfululizo, na kila mara niliilaumu dadu. Kabla ya jaribio la tano niliketi nikahesabu. Niligundua kwamba goblini walikuwa wakitoa mapigo mengi zaidi kwa kila raundi kuliko kundi langu, na kwamba wawili kati ya watu wangu wanne walikuwa wakimaliza zamu zao wakikimbia tu kutafuta njia ya kupanda juu. Dadu haikuwa na kosa lolote.

Hesabu hiyo ndiyo msingi wa mwongozo huu. Pigano la zamu ni biashara ya zamu: anayejipatia zamu nyingi zenye manufaa, na kumnyima mpinzani wake zamu hizo, hushinda hata kama silaha zake ni duni. Kila hatua iliyo hapa chini inarudi kwenye jambo hilo kwa njia moja au nyingine.

Mchezo huu ulitengenezwa na Larian Studios ya Ubelgiji, ukatolewa kwa kompyuta tarehe 3 Agosti 2023, na kanuni zake za mapigano zimetokana na toleo la tano la mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, ingawa watengenezaji walibadilisha mambo kadhaa ambayo tutayaona. Majina ya matamko ya kichawi na ya uwezo nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye skrini, kwa kuwa ndiyo utakayoyabofya.

Hatua ya kwanza: Jua zamu moja imebeba nini

Katika kila zamu mhusika hupewa tendo kuu moja, tendo la ziada moja, na mwendo ambao kwa wengi ni mita 9. Zaidi ya hayo ana tendo moja la kujibu, ambalo hutumika nje ya zamu yake, kwa mfano pale adui anapojaribu kuondoka karibu naye na kupigwa kisogoni. Mchezaji mgeni hutumia tendo kuu kupiga, kisha anabofya kitufe cha kumaliza zamu huku tendo la ziada likiwa halijaguswa. Katika pigano la raundi tano lenye wahusika wanne, huo ni upotevu wa matendo 20.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni kutomaliza zamu yoyote kabla ya kujiuliza tendo la ziada linaweza kufanya nini. Kunywa dawa ya uhai ni tendo la ziada. Kumsukuma adui ni tendo la ziada, na akiwa ukingoni mwa jabali msukumo huo unaweza kuwa na thamani kuliko upanga. Kuruka ni tendo la ziada pia, na huvuka mashimo ambayo miguu ingeyazunguka kwa zamu nzima. Silaha inaweza kuchovywa katika moto ulio karibu kwa tendo la ziada, ikaongeza madhara ya moto ya dadu ya pande 4 kwa kila pigo. Mishumaa na mioto ya kambi imetapakaa kila mahali katika mchezo huu, na mtu akishazoea kuitazama kwa jicho hilo haiachi tena.

Tendo la kujibu nalo lina mipangilio yake. Ingia kwenye orodha ya matendo ya kujibu ya kila mhusika uchague mchezo ukuulize kabla ya kuyatumia, hasa kwa mchawi mwenye tamko la Shield, linaloongeza kinga kwa 5 hadi zamu yake inayofuata. Ni vibaya kulipoteza dhidi ya panya huku jitu lenye shoka likisubiri nyuma yake.

Hatua ya pili: Msome adui kabla ya kumgusa

Weka kielekezi juu ya adui na ubonyeze kitufe T kwenye kibodi, au mbofye upande wa kulia kisha uchague kumchunguza. Utaonyeshwa uhai wake, kiwango cha kinga, uwezo wake wa kimsingi, vitu asivyodhurika navyo na vile vinavyomdhuru maradufu. Taarifa hizo hazikugharimu tendo lolote, na bado nimewaona watu wakifikia theluthi ya mwisho ya mchezo bila kuzifungua hata mara moja.

Unachotafuta hasa ni udhaifu katika majaribio ya kujiokoa. Kuna mashambulizi yanayopimwa dhidi ya kinga, na kuna matamko yanayomlazimisha mlengwa kurusha dadu ili ajiokoe kwa nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima au haiba. Jitu lililovaa deraya nzito linaweza kuwa na kinga ya 19 ambayo mishale yako haipenyi, lakini hekima yake ikawa ndogo kiasi kwamba tamko la kuipooza akili linaingia kwa urahisi. Mchawi mwenye hekima nyingi ni kinyume chake: akili yake haiingiliki, ilhali upanga unampata. Ugumu wa kujiokoa dhidi ya matamko yako ni 8, ukiongeza bonasi yako ya umahiri na bonasi ya uwezo unaotumia kwa uchawi. Mchawi wa ngazi ya 5 mwenye akili ya 16 ana 8, na 3 ya umahiri, na 3 ya akili, yaani 14. Adui asiye na bonasi yoyote ya hekima atashindwa akipata 13 au chini yake, ambayo ni asilimia 65. Adui mwenye bonasi ya 6 atashindwa kwa asilimia 35 tu. Tamko ni lile lile na gharama ni ile ile. Tofauti yote imetokana na kusoma kwanza.

Hatua ya tatu: Elewa asilimia, kisha zibadilishe

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo wachezaji wengi wanapopoteza bila kujua.

Pigo la kawaida huamuliwa na dadu ya pande 20, ikiongezwa bonasi yako, na jumla lazima ifikie kinga ya adui. Tuseme una bonasi ya 5 na adui ana kinga ya 15. Unahitaji 10 au zaidi kwenye dadu, na nafasi yako ni asilimia 55. Sasa upate nafuu, yaani urushe dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa: nafasi inapanda hadi karibu asilimia 80. Ukiwa na kikwazo, yaani ukachukua iliyo ndogo, inashuka hadi asilimia 30 hivi. Kati ya hali hizo mbili kuna pengo la asilimia 50, na hakuna upanga wa hadithi unaoweza kuliziba. Nafuu pia huongeza nafasi ya kupata 20 halisi, ambayo huzidisha dadu za madhara, kutoka asilimia 5 hadi karibu 10.

Nafuu hupatikana kwa njia nyingi: kupiga ukiwa umejificha, kumpiga kwa karibu adui aliyelala chini, kumpiga aliyepofushwa au aliyepoozwa. Kikwazo huja kwa njia ambazo mgeni hazioni. Kinachowakuta wengi ni kurusha mshale au tamko la kulenga huku adui akiwa amesimama bega kwa bega nawe. Sogea kwanza, au badilisha silaha. Mpiga upinde aliye juu ya adui kwa kimo cha kutosha hupata bonasi ya 2, na aliye chini hupunguziwa 2. Wapiga upinde wawili, mmoja juu ya paa na mwingine barabarani, wanatofautiana kwa hatua nne za dadu, sawa na asilimia 20, hata kama ujuzi wao ni mmoja. Goblini wa kijijini walilijua hilo kabla yangu.

Tamko la Bless linastahili kutajwa peke yake. Kwa tamko moja la ngazi ya kwanza, watu watatu huongezewa dadu ya pande 4 katika kila pigo na kila jaribio la kujiokoa. Wastani wa dadu hiyo ni 2.5, yaani asilimia 12.5 kwa kila mrusho wa kila mmoja wao hadi tamko liishe. Halina mwanga wala mlipuko wa kupendeza, na ndiyo maana wageni hulipuuza.

Kipaji cha Great Weapon Master kinaonyesha vizuri kwa nini asilimia zinapaswa kuhesabiwa badala ya kuhisiwa. Kikiwashwa, unapunguziwa 5 kwenye kupata shabaha na kuongezewa 10 kwenye madhara. Chukua mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye bonasi ya 6 na upanga mkubwa unaotoa wastani wa madhara 10. Dhidi ya kinga ya 15, bila kipaji anapata shabaha kwa asilimia 60, na wastani wake kwa pigo ni 6. Akikiwasha anapata kwa asilimia 35 lakini kwa madhara 20, wastani ukiwa 7. Tofauti si kubwa. Mpe nafuu uone: bila kipaji wastani ni 8.4, na akiwa nacho ni karibu 11.6. Sasa mpeleke dhidi ya kinga ya 18 bila nafuu, na kipaji kile kile kinamshusha kutoka 4.5 hadi 4. Kwa hiyo kiwashe ukiwa na nafuu au Bless, na ukizime mbele ya deraya nzito. Kuna kitufe chake, na kukibofya hakugharimu tendo.

Katika mipangilio utakuta pia dadu za karma, ambazo huwa zimewashwa tangu mwanzo na kazi yake ni kuzuia mfululizo mrefu wa bahati. Mimi huzizima, kwa sababu nikishahesabu napenda hesabu yangu ibaki ilivyo.

Hatua ya nne: Anza pigano kabla halijaanza

Katika kanuni za mezani, mpangilio wa zamu huamuliwa kwa dadu ya pande 20. Hapa Larian walitumia dadu ya pande 4 ikiongezwa bonasi ya wepesi, na badiliko hilo dogo lina matokeo makubwa: mhusika mwenye wepesi wa 16 hupata kati ya 4 na 7, na yule mwenye wepesi wa 8 hupata kati ya 0 na 3, kwa hiyo wa pili hawezi kamwe kumtangulia wa kwanza. Wepesi hapa ni karibu hakikisho la kuanza. Kipaji cha Alert, chenye kuongeza 5 kwenye mpangilio huo na kuzuia mhusika asishtukizwe, ni miongoni mwa vipaji bora kwa mtu yeyote ambaye kazi yake ni kuharibu mipango ya adui katika raundi ya kwanza.

Kumshtukiza adui ni bora zaidi. Ukilianzisha pigano ukiwa umejificha, na maadui hawajakuona, wale walioshtukizwa hupoteza zamu yao ya kwanza. Kundi la maadui sita lililoshtukizwa lote limepoteza zamu sita kabla hujatokwa jasho. Ili kufanikisha hilo, watenganishe watu wako wasifuatane, kisha mmoja mmoja uwapeleke kwa kunyata hadi mahali wanapotakiwa kuwa: mpiga upinde juu, mwenye upanga nyuma ya ukuta ulio karibu na mchawi wa adui, mganga mbali na kila mtu. Anayefyatua wa kwanza ndiye anayeingia vitani. Wale ambao hawajaonekana hubaki nje ya mpangilio wa zamu, na unaweza kuendelea kuwasogeza kabla hawajajiunga.

Jambo moja zaidi kuhusu mpangilio: wenzako wanaofuatana kwenye foleni ya zamu, bila adui kati yao, wanaweza kucheza kwa kupokezana. Mmoja anaweza kumwangusha adui kwa msukumo, ukahamia kwa wa pili ambaye anampiga kwa nafuu, kisha ukarudi kwa wa kwanza amalizie mwendo wake. Angalia picha zao juu ya skrini. Zikiwa pamoja, usimalize zamu ya mmoja kabla ya kuwaza wengine watafanya nini.

Hatua ya tano: Muue mmoja kabisa

Adui mwenye uhai wa 1 hupiga kwa nguvu ile ile aliyokuwa nayo akiwa mzima. Sentensi hiyo fupi imeniokoa mara nyingi kuliko tamko lolote.

Tazama hesabu. Maadui wanne wana uhai wa 20 kila mmoja, na kila mmoja hukudhuru kwa 6 kwa raundi. Kundi lako hutoa madhara 20 kwa raundi na linaanza. Ukiwagawia mapigo sawa, kila mmoja hupoteza 5 kwa raundi, wote wanne wanabaki wakipiga kwa raundi tatu nzima, na unapokea madhara 72. Ukimlenga mmoja hadi afe ndipo uende kwa mwingine, unapokea 18, kisha 12, kisha 6, jumla 36. Vita ni vya urefu ule ule, na umeumia nusu.

Nani awe wa kwanza? Si lazima awe aliye karibu, wala mkubwa kuliko wote. Gawanya kichwani madhara anayoweza kufanya kwa juhudi inayohitajika kumwondoa. Mara nyingi jibu ni mchawi au mpiga upinde mwenye uhai mdogo aliyesimama nyuma, huku yule jitu wa mbele akibaki kwa ajili ya hatua inayofuata.

Hatua ya sita: Nyang'anya zamu usizoweza kuziua

Hold Person ni mfano wa wazi. Humpooza mlengwa wa umbo la kibinadamu asiyefaulu jaribio la hekima. Hawezi kufanya lolote, mapigo dhidi yake yana nafuu, na anayempiga akiwa ndani ya mita 3 hupata pigo la dadu maradufu bila kubahatisha. Mpiganaji wa ngazi ya 5, ambaye hupiga mara mbili kwa tendo moja, anaweza kummaliza kiongozi wa maadui katika zamu moja ya namna hiyo. Kumbuka tu kwamba buibui na majoka si wa umbo la kibinadamu, na mlengwa hujaribu kujinasua kila mwisho wa zamu yake, kwa hiyo mpooze pale ambapo wenzako wanafuata mara moja kwenye foleni.

Kumwangusha adui chini kuna faida ambayo wengi hawaijui: katika mchezo huu kuanguka huvunja umakini. Matamko mengi makubwa yanahitaji mtumiaji aendelee kushikilia umakini, na anaweza kushikilia moja tu kwa wakati. Akiumia, hurusha dadu ya ustahimilivu dhidi ya 10 au nusu ya madhara aliyopata, kutegemea kipi ni kikubwa. Ndiyo sababu Magic Missile, tamko la ngazi ya kwanza ambalo halikosi kamwe, hudharauliwa bure. Mishale yake mitatu ni midogo, lakini kila mmoja humlazimisha mlengwa kurusha dadu yake. Mchawi wa adui mwenye bonasi ya 2 hufaulu kila jaribio kwa asilimia 65, na nafasi ya kufaulu yote matatu ni asilimia 27 hivi. Kwa maneno mengine, umeuvunja uchawi wake mkubwa karibu mara tatu kati ya nne kwa tamko dogo kuliko yote.

Kanuni hiyo hiyo inakuhusu wewe. Mganga wako anayeshikilia Bless asisimame mbele, na kabla ya kubofya tamko jipya angalia kama nalo linahitaji umakini, kwa sababu la zamani litazimika mara hiyo hiyo. Nimewahi kuizima Bless yangu mwenyewe katikati ya pigano gumu kwa sababu ya tamko ambalo hata halikumpata adui.

Hatua ya saba: Tumia ardhi, maji na moto

Adui aliyeloa maji hudhurika maradufu kwa umeme na baridi, na hudhurika nusu tu kwa moto. Tupa chupa ya maji au tumia Create Water, kisha ufuatishe umeme. Usifuatishe Fireball: dadu nane za pande 6 zenye wastani wa 28 zitageuka 14, na utakuwa umemlinda adui kwa gharama yako mwenyewe. Mafuta yaliyomwagika huteleza, na yakiguswa na moto huwaka. Umeme kwenye dimbwi huwafikia wote waliosimama ndani yake, wakiwemo rafiki zako.

Mama wa buibui katika Whispering Depths ni darasa zuri. Mgeni hushuka hadi chini na kupigana naye huku mayai yakipasuka na kutoa buibui wapya, kila mmoja akiwa na zamu yake. Aliyejifunza huyaharibu mayai kwanza kwa kunyata, kisha humsubiri mama huyo asimame juu ya madaraja ya utando na kuyachoma moto, naye huporomoka na kuumia kwa kishindo kuliko ambavyo panga zingemuumiza kwa raundi nzima. Lile zimwi la chuma katika tanuru la adamantini nalo liko hivyo: silaha hazimfanyi kitu mpaka apashwe moto kwa lava, na nyundo kubwa ya tanuru iliyo katikati ya uwanja haikuwekwa pale kwa mapambo.

Hatua ya nane: Tibu kwa uchoyo

Tiba inayotumia tendo kuu kwa kawaida hurudisha uhai mdogo kuliko adui anaoweza kuuondoa katika zamu yake, kwa hiyo ni biashara ya hasara. Healing Word ni tofauti kwa kuwa hutumia tendo la ziada na hufika mita 18. Iweke kwa ajili ya kumwinua aliyeanguka, na tendo kuu la mganga libaki kwa kazi nyingine. Chupa ya dawa inaweza kutupwa chini katikati ya watu wako waliosimama pamoja, nayo huwatibu wote.

Hatua ya tisa: Pumzika bila aibu

Wachezaji wengi wanaolalamika kwamba mchezo ni mgumu wanapigana wakiwa wamechoka. Una mapumziko mafupi mawili kati ya malalo, na kila moja hurudisha nusu ya uhai wote wa kila mhusika pamoja na uwezo kadhaa, kama vile Action Surge ya mpiganaji na uchawi wa Warlock, aina mojawapo ya mchawi. Bard, yule mhusika mwanamuziki, huongeza la tatu kuanzia ngazi ya 2. Kulala usiku kunagharimu vyakula 40 katika kiwango cha ugumu cha Balanced na 80 katika Tactician, na anayeokota kila anachokutana nacho hapungukiwi. Vivyo hivyo, dawa na mishale maalumu iliyorundikana mkobani itumie. Potion of Speed humpa mhusika tendo kuu la pili kwa raundi tatu, kisha humwacha amechoka kwa zamu moja, kwa hiyo inywe pale unapoamini kwamba vita vitakwisha kabla ya uchovu huo kufika.

Ukigundua kwamba umemjenga mhusika vibaya, mzee Withers, yule aliyekufa zamani na anayekaa kambini, atambadilishia kila kitu kwa sarafu 100 za dhahabu. Fursa hiyo ni kubwa, itumie kama maabara.

Hatua ya kumi: Chambua kila kipigo

Ukishindwa, usipakie mchezo upya papo hapo. Fungua kumbukumbu ya mapigano iliyo pembeni mwa skrini uhesabu mambo matatu: adui alipata zamu ngapi, ni nani aliyekudhuru zaidi, na ni matendo mangapi yako yaliyopotea kwa kukimbia, kukosa shabaha ya asilimia ndogo, au kutotumika kabisa. Kisha badilisha jambo moja tu katika jaribio linalofuata. Ukibadilisha matano kwa pamoja hutajua lipi limesaidia. Kiwango cha ugumu cha Honour, kilichoongezwa mwishoni mwa Novemba 2023, kina faili moja tu la kuhifadhia na maadui wakubwa wenye matendo ya ziada ya kishujaa. Mazoea haya yajengwe kabla ya kwenda huko, maana kule hakuna jaribio la pili.

Hivi ndivyo jaribio langu la tano lilivyokwenda. Sikupita getini. Nilimpeleka Astarion, mnyataji wa kundi langu, kwa kunyata upande wa nyuma hadi juu ya paa, mpiganaji wangu akiwa nyuma ya ukuta chini yake, mchawi wangu Gale mbali kidogo, na mganga wangu Shadowheart nyuma ya wote. Astarion alifyatua kutoka gizani na goblini wa kwanza hakusimama tena. Waliobaki walishtuka, na raundi ya kwanza ikawa yetu peke yetu: Shadowheart aliweka Bless, Gale akawalaza wawili kwa Sleep, tamko linalowalaza walengwa ambao jumla ya uhai wao haizidi 24, na mpiganaji akapanda na kumpiga mmoja wa waliolala kwa pigo la dadu maradufu. Katika raundi ya pili goblini mmoja alibaki ukingoni mwa paa na upinde mkononi. Mpiganaji wangu alikuwa ameshatumia tendo lake kuu kumkosa, asilimia 81 zikiwa zimeandikwa waziwazi juu ya kichwa cha goblini huyo. Tendo la ziada lilikuwa bado lipo. Alimsukuma.